Jioni za Kibao cha Umeme

Miaka ile lami ya Ifakara mjini ilikuwa bado mpya. Hermenegildi, fundi simu, ndiye peke yake aliyepita juu yake kwa kibao cha umeme: magurudumu mawili, usukani hakuna, unasimama juu yake na kuegemea unakotaka kwenda. Jumamosi moja sokoni kilimkimbiza mpaka kwenye nyanya za Justa.

Justa alivaa gauni la kitenge cha njano, kilemba kimekaa upande. Alimtazama kijana aliyelala katikati ya nyanya zilizopondeka.

"Kaka, unatafuta njia ya mbinguni?"

"Nimeshafika, dada. Sikujua malaika wanauza nyanya."

Soko likaangua kicheko. Justa alijikaza, akashindwa.

Haikupita wiki Justa akawa mwanafunzi wake, jioni baada ya mazoezi yake ya kwaya, kwenye barabara tulivu ya Lipangalala, harufu ya pumba ikija na upepo kutoka mashine za mpunga. Hermenegildi hakupanda kabla ya kupiga ishara ya msalaba.

"Hiki ni kama sala," alisema, amemshika mikono. "Ukiogopa, kinatetemeka na wewe. Usiangalie miguu. Pumua, tazama mbele."

"Wewe ni fundi simu au katekista?"

"Vyote, mpenzi. Panda."

Hilo "mpenzi" lilimwangusha. Akainuka. Akaanguka tena, goti likachubuka. Akajipangusa vumbi, akatazama juu. "Baba, nishike basi, watu wanaangalia!" Safari hii kibao kilitulia. Akateleza peke yake, mikono ameitanua, akiimba sauti ya kwanza mpaka mwisho wa barabara. Hermenegildi alirekodi yote kwa simu, macho yamemlowa.

Jumapili kwaya nzima ilikuwa na video ile. Lakini ilionyesha kuanguka tu.

Justa akampigia. "Nilikupa mikono yangu, ukanigeuza kichekesho."

"Justa, nisikilize..."

Akakata, akaifungia namba yake. Kesho yake alivuka mto kwenda Lupiro, kwa shangazi yake Konsolata, kuvuna mpunga. Usiku alimkumbuka, akajichukia kwa kumkumbuka.

Hermenegildi alikuwa amemtumia video mama yake tu, kule Michenga. Dada yake Mariana ndiye aliyeikata kipande, akakiweka kwenye status apate kucheka na wenzake. Alipoambiwa, alilia.

Siku moja mchana Hermenegildi akatokea uani kwa shangazi. Betri ilikuwa imemfia njiani. Kibao alikibeba begani, shati jeupe limeganda mgongoni kwa jasho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kuomba radhi."

Akaeleza yote, Mariana hakumficha. Kisha akafungua ujumbe wa sauti kwenye simu, mama yake akasikika, nzito na ya taratibu: "Mwanangu, nimemwona anavyoinuka. Huyo usimwache."

Justa alikuwa mekoni, mwiko mkononi. Alisikia yote.

"Na ukinisamehe," Hermenegildi aliendelea, "nataka unioe... hapana, nikuoe mimi."

Shangazi akacheka hadi akashika mbavu.

"Radhi nimekupa," Justa alisema polepole. "Hilo la pili walete wazee wako, walizungumze na wangu."

"Wakija utajibu nini?"

"Waje kwanza!"

Akageukia sufuria upesi. Wali ulikuwa umeshika chini. Akaukoroga huku machozi yanamtoka, anacheka.