Nafasi ya Mwimbaji

Wenzake walimwita Mkaguzi, ingawa hakuwahi kuajiriwa kukagua chochote. Alikuwa mpiga besi. Jina lilimganda kwa sababu alinusa maziwa kabla ya kulipa, alirudia kuhesabu chenji hata aliyopewa na mama yake mzazi, na fundi viatu akimwambia njoo kesho, aliuliza kesho ipi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Jambo hilo alijivunia kuliko hata muziki wake, na ndilo lililomponza.

Jioni ile alitoka nyumbani kwa shida ya kawaida kabisa. Yeye na mdogo wake wa kike, aliyeitwa Chiriku tangu utoto kwa jinsi asivyojua kunyamaza, walikuwa wamepata kazi ya kutumbuiza kwenye bustani ya hoteli. Meneja alitoa sharti moja: hakuna spika. Wageni wanataka kula huku wakisikilizana. Kwa Chiriku hilo halikuwa tatizo, maana sauti yake ilifika getini bila msaada wa mtu. Lakini besi ya Mkaguzi ikikosa umeme ilikuwa ubao tu. Ilibidi atafute besi kavu, gitaa la besi lenye tumbo, linalojitolea sauti lenyewe. Na mfuko wake ulikuwa wa wastani. Usingemchekesha muuzaji, wala usingemfanya avute kiti.

Duka lilikuwa mwisho wa uchochoro wa mafundi, kati ya mshona mapazia na muuza fremu za picha. Taa moja tu ilikuwa inawaka. Mwenye duka, mzee mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa kwa kipande cha uzi wa gitaa, alikuwa anafuta vumbi. Nyuma ya kaunta mkewe alipanga nyuzi mpya kwenye bahasha.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu," alisema mzee.

Yule mama aliinamisha kichwa tu. Anaringa, Mkaguzi alijisemea, na akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Gitaa la kwanza lilikuwa na sura nzuri, linang'aa kama sahani ya wageni. Mzee alilipiga huku akiimba kidogo, zile lalala za kumfurahisha mteja. Mkaguzi hakufurahi. Besi kavu nyingi za bei ya kati zina ugonjwa huo huo: tumbo dogo, sauti inaishia kwenye magoti ya mpigaji. La pili lilikuwa na tumbo la kutosha. Alilinyanyua, akafumba jicho moja na kuchungulia shingo yake kuanzia juu mpaka chini. Ilikuwa imepinda. Nyuzi zilikaa juu mno, vidole vingeota malengelenge kabla ya chakula kufika mezani.

"Na lile?"

Kwenye kona kulikuwa na gitaa lililofunikwa kitambaa cheusi.

Mzee aliendelea kufuta vumbi. "Lile limeshatumika."

"Nilione."

Mzee alilileta. Lilikuwa kubwa, la rangi ya chai ya rangi, mbao nzima, si plaiwudi. Shingo ilinyooka. Mzee alikaa, akapiga nyuzi zote nne, na sauti ikajaa duka zima mpaka vioo vya fremu za jirani vikatetemeka.

Lakini safari hii mzee hakuimba. Alikuwa amebana midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Mkaguzi aliliona hilo. Hakuna kilichompita. Anaogopa kuimba nalo kwa sababu sauti zake haziko sawa, alifikiri. Akalichukua, akainamisha uso mpaka kwenye tundu la tumbo, akanusa. Gundi mpya ingemwambia kama kuna ufa uliofichwa.

Hakukuwa na harufu ya gundi.

Kulikuwa na tangawizi. Tangawizi na asali... na uvuguvugu, kama pumzi.

"Mzee, mlikuwa mnahifadhi chai humu?"

Mzee hakucheka. Mikono ya yule mama ilisimama juu ya bahasha.

Mkaguzi alipiga wimbo waliouandaa na Chiriku. Vidole vilikwenda vyenyewe, gitaa lilimkaa kifuani kama lilitengenezwa kwa mbavu zake. Ila uzi ule mnene, kila alipouachia, ulibakiza kitu chini yake. Mvumo mdogo. Kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo.

"Linavuma kwa ndani," alisema kwa furaha ya kupata kasoro. "Mbao imeachia mahali. Utanipunguzia."

"Nitakupunguzia," mzee alisema papo hapo. Kisha akavua miwani. "Lakini niambie jambo moja. Nyumbani kwako kuna mtu anayeimba?"

Hapo Mkaguzi alishtuka, si kwa hofu, kwa ujanja. Alilijua swali hilo. Akisema yupo, ataambiwa anunue na maikrofoni. Akisema wana kazi hotelini, bei itapanda ngazi. Mtu anayejipatia riziki huuziwa tofauti na mtu anayejifurahisha.

"Hakuna," alisema. "Napiga mwenyewe tu, kupoteza muda."

"Hakuna hata mmoja?"

"Mzee, nakwambia naishi peke yangu."

Nyuma ya kaunta yule mama alikuwa amesimama. Alimkazia macho Mkaguzi, akapeleka mkono shingoni kwake, akajishika koo. Akatikisa kichwa polepole. Akatikisa tena.

Aha, Mkaguzi alijisemea. Wana ishara zao. Anamkataza mumewe asishushe bei. Akamkunjia uso yule mama, akalipa haraka kabla mzee hajabadili nia, akaondoka na gitaa mgongoni. Hakuwahi kununua kitu kizuri hivyo kwa bei hiyo. Njiani alijipongeza mpaka akapitiliza njia ya kwao.

Alipofika, Chiriku alikuwa sebuleni anatafuna karafuu. Hiyo ilikuwa dawa yake ya koo kabla ya kuimba, tangu walipokuwa wadogo.

"Kaka, umepigwa changa la macho safari hii," alimtania. "Kitu kizuri hivi, kwa pesa yako ile? Liangalie vizuri, lisije likawa na mwenyewe."

"Imba, acha maneno."

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa raha tupu. Sauti yake na besi zilishikana kama watu waliopotezana zamani. Ubeti wa pili, gitaa lilizidi kunguruma. Mkaguzi alifunga macho kwa starehe. Hakuona kwamba sauti ya mdogo wake ilikuwa inapungua kwa kiasi kile kile.

"Kaka... simama kidogo."

"Tumalizie."

"Kuna kitu kinanivuta. Hapa." Aligusa koo.

Mkaguzi hakuacha. Alijua mbinu za Chiriku za kukwepa mazoezi, walikua wakitumia chumba kimoja miaka yote ya utoto. "Malizia kwanza," alisema.

Chiriku alivuta pumzi kwa ajili ya mstari wa mwisho. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Mkaguzi aliinua vidole kutoka kwenye nyuzi ili amkemee.

Na mstari wa mwisho ukaimbwa.

Uliimbwa mpaka neno la mwisho, kwa sauti ya Chiriku, taratibu... kutoka kwenye tundu la gitaa lililokuwa mapajani mwa Mkaguzi.

Chumba kilijaa harufu ya karafuu.

Kesho yake daktari alimmulika Chiriku kooni, akamwambia afungue mdomo, afunge, ameze. Koo zima halina tatizo, alisema. Apumzike. Chiriku alipumzika. Alikaa jikoni akiosha vyombo visivyo vichafu, na yule mtu aliyekuwa akijaza nyumba kwa maneno sasa aligonga kijiko kwenye sufuria alipotaka kumwita kaka yake. Mkaguzi alitamani hata atukanwe.

Jioni moja alilifunika gitaa shuka, akalibeba mpaka kwenye uchochoro wa mafundi. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Akabisha.

"Karibu ndani," ilisema sauti ya mwanamke.

Jioni ile yule mama hakuwa amesema neno. Alisukuma mlango. Yule mama alikuwa kaunta, yeye na mumewe tu, na kikombe mbele yake kilikuwa kikifuka mvuke wa tangawizi.

"Karibu, mwanangu," alirudia. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba iliyokaa bila mafuta. "Keti."

Mkaguzi hakuketi. "Mdogo wangu hasemi."

Mzee alitazama sakafu. "Nilikuuliza."

"Ulidhani nitajuaje? Uliuliza kama mtu anayetafuta kuuza maikrofoni."

"Nami nilikuonyesha," alisema yule mama. Alijishika koo vile vile kama jioni ile. "Ukanikunjia uso."

Mkaguzi aliliweka gitaa juu ya kaunta, na wazee wote wawili wakarudi nyuma hatua moja.

"Lichukueni."

"Hatulichukui," mzee alisema kwa upole. "Na sisi tulilinunua kwa mtu. Naye aliniuliza. Nikasema hakuna anayeimba, ili anipunguzie. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia anaimba wimbo wa kanisani, mtu yule akinisikiliza nikidanganya."

"Basi nitalivunja."

"Nami nilishashika shoka. Ukilivunja, kilichomo kinakwenda wapi? Mimi sijui. Kama wewe unajua, vunja."

Mkaguzi hakujua. Alisimama huku akilini mwake kitu kikijipanga, na hakukipenda. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Mzee, uliniamini niliposema naishi peke yangu?"

Mzee alivaa miwani, akaivua tena. Mkewe ndiye aliyegeuza uso ukutani.

"Ulipokuwa unapiga," mzee alisema mwishowe, "ulikuwa unaacha nafasi. Unapiga kidogo, unanyamaza. Unapiga, unanyamaza. Anayepiga peke yake anajaza, haachi nafasi. Unayemwachia nafasi yupo."

Mkaguzi alirudi nyumbani na gitaa lake. Njia nzima lilimgusa mgongoni, la vuguvugu.

Hakutundika tangazo. Aliwaambia tu wapiga muziki wawili watatu kwamba anauza besi kavu, nzuri, bei ya kuongea. Chiriku alimsikia. Alimtazama muda mrefu, kisha akaenda jikoni bila kugonga kijiko.

Mnunuzi alikuja jua likizama. Mwanamume wa makamo, fundi bomba kwa kuitazama mikono yake, mwenye macho ya mtu asiyetaka kupunjwa. Alichungulia shingo akifumba jicho moja. Aligonga mgongo wa gitaa. Akainama, akanusa tunduni.

"Linanukia karafuu."

"Sijui. Labda kabati."

Akapiga. Alijua kupiga. Piga, nyamaza. Piga, nyamaza.

Na dirisha lilikuwa wazi. Nje, kwenye ngazi, mwanamke aliyekuja naye alikuwa amempakata mtoto mchanga na anambembeleza kwa wimbo wa kulalia, chini chini, na kila gitaa liliponyamaza, sauti yake iliingia pale pale palipoachwa.

"Linavuma kwa ndani," alisema yule fundi. "Itabidi unipunguzie."

"Nyumbani kwako..." Mkaguzi alikohoa. "Nyumbani kwako kuna mtu anayeimba?"

Macho ya fundi yalibana. Mkaguzi aliyajua macho hayo, aliyaona kwenye kioo kila asubuhi aliponyoa ndevu.

"Hakuna. Napiga mwenyewe tu."

Chiriku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mkono kooni. Alitikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakimtiririka, akanyoosha kidole kuelekea dirishani, akajishika koo tena. Hakuwa akimwomba fundi. Alikuwa akimwomba kaka yake.

"Dada yule ana nini?" aliuliza fundi kwa mashaka.

Ngoja nimweleze, Mkaguzi alifikiri. Neno moja tu. Nje wimbo uliendelea. Kisha akamtazama mdogo wake, mdomo wake ule uliokuwa hauchoki, na neno lile halikutoka.

"Usimjali," alisema. "Hataki nikupunguzie bei. Wewe chukua."

Siku chache baadaye, jioni, Mkaguzi alikuwa anavua viatu aliposikia sauti jikoni. Nyembamba, yenye kukwaruza, lakini ni ya mdogo wake. Alikimbia peku, tayari kumkumbatia.

Chiriku alikuwa amempa mgongo.

"Kaka," alisema. "Yule mama alikuwa anamwimbia mtoto. Ulimsikia?"

"Sikumsikia," Mkaguzi alijibu.

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha sahani safi. Hajaimba tena mpaka leo, wala hajamtania. Kazi ya hoteli wamepewa wengine. Na Mkaguzi, ambaye zamani alishuku kila mtu, sasa ana jambo moja tu linalomsumbua. Mtoto akilia popote, barabarani, nyumba ya jirani, ndani ya duka, yeye husimama alipo, na husubiri kusikia kama mama yake atamwimbia.