Bati Lenye Jina

Jumatatu, tarehe 10 Februari. Asubuhi hii joto ni kali. Upepo hakuna kabisa. Majani ya minazi yananing'inia kama nguo zilizoloa.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu kabla ya kuwasha moto. Mwalimu wetu wa darasa la jioni anataka kila siku tuanze na tarehe na hali ya hewa. Nina miaka arobaini na mitatu, na huu ni mwaka wangu wa pili wa kujua kuandika. Namshukuru Mungu kwa kila herufi.

Kisha nikaanza kutwanga kisamvu. Mama Inácia, mama mzazi wa marehemu mume wangu, alikuwa kwenye mkeka akimenya karanga. Watoto wangu wawili walikuwa wamekwenda kuteka maji.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Lurdes. Lurdes ni jirani yetu, na yumo katika kamati ya maafa ya mtaa. Siku hiyo alikuwa amevaa fulana yake ya kazi na kushika kipaza sauti.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Inácia. "Ukivaa hiyo fulana huleti habari njema."

"Kweli, bibi. Nimepandisha bendera ya buluu pale kisimani. Kimbunga kiko baharini, na baada ya siku moja au mbili kitakuwa hapa. Nikipandisha ya njano, mtu asilale kwake. Wote twende shule, kule kuna kuta za saruji. Nikipandisha nyekundu, zimebaki saa chache tu."

Mama Inácia aliendelea kumenya karanga zake.

"Siendi," alisema.

"Bibi..."

"Nimesema siendi. Niende shule nikakae na mabenchi, nirudi nikute paa langu liko kwa jirani yetu Castigo? Safari hii upepo utanikuta hapa hapa. Nitalishika paa bati kwa bati."

Lurdes alinitazama, nami nikatazama kinu. Wote watatu tulijua maneno yale yalikotoka.

Miaka mitano iliyopita kimbunga kilitukuta ndani ya nyumba. Kiling'oa mabati ya upande mmoja. Halafu upepo ukakata. Jua likatoka, na kuku nao wakatoka. Watu wakapiga kelele, "Kimekwisha! Wahini mabati!" Maana mtaani kwetu, bati lililoruka lilikuwa mali ya aliyewahi kuliokota. Mume wangu Fernando alitoka mbio. Alikuwa akilikimbilia bati moja lenye kiraka cha lami, kiraka alichokiweka mwenyewe. Upepo ukarudi kutoka upande wa pili. Bati jingine likamkata, akafa pale pale njiani. Lile lenye kiraka hatukuliona tena.

"Mimi mpaka leo sielewi," nilimwambia Lurdes. "Kilikuwa kimekwisha. Kilirudi vipi?"

Lurdes alichukua mwiko wangu akakoroga maji ya sufuria kwa nguvu. Maji yakazunguka, na katikati likatokea tundu.

"Tazameni. Kimbunga kinazunguka hivi hivi. Hili tundu la katikati ni utulivu. Likipita juu yetu, upepo unakata, hata jua mnaliona. Lakini upande wa pili wa duara bado unakuja, na unavuma kinyume na ule wa kwanza. Huo utulivu unaweza kuwa wa dakika chache, au saa nzima. Anayetoka wakati ule anatoka katikati ya kimbunga."

Mama Inácia aliacha karanga. Alitazama sufuria mpaka maji yakatulia.

"Kumbe mwanangu hakukosea," alisema polepole. "Hakuambiwa tu."

"Hakuambiwa, bibi. Leo nyinyi mmeambiwa." Lurdes aliinua macho. "Na hayo mawe juu ya paa nani kayaweka?"

"Mimi. Yanashika bati."

"Yatashika bati mpaka upepo uyarushe. Kisha yatashika kichwa cha jirani."

Mama Inácia akacheka, hakutaka lakini alicheka. Lurdes akatufundisha. Mawe yashushwe. Mifuko ijazwe mchanga nusu, ifungwe miwili miwili kwa kamba, ining'inizwe huku na huku juu ya paa. Waya upite kwenye boriti, ufungwe kwenye vigingi vilivyozama ardhini. Matawi yaliyo karibu na nyumba yakatwe. Vitambulisho na vyeti vya watoto vifungwe kwenye plastiki, na twende navyo. Maji safi, mihogo mikavu, dawa, redio na betri, vyote viwe tayari mlangoni.

"Sawa," alisema Mama Inácia. "Nitafunga yote hayo. Halafu nitakaa papa hapa kuyalinda. Castigo hataniibia mara ya pili."

"Mama, jina langu nalisikia mpaka huku!" Castigo Sitole alichungulia juu ya ua. Ni jirani yetu wa upande wa kisima, mtu wa maneno mengi. "Nimeiba nini mimi?"

"Banda lako la kuku lina bati la mwanangu!"

"Bati ni bati, mama. Lilishuka kutoka angani kama mvua. Lina jina? Nionyeshe jina!"

Akacheka akaondoka. Mama Inácia alisukuma karanga kando kwa hasira. Mimi maneno ya Castigo yaliniingia mahali pengine. Nilinawa mikono, nikaenda kanisani, nikaomba mabaki ya rangi ya kijani tuliyopaka mlangoni. Nilipiga magoti pale pale. Nikasema, "Bwana, upepo ni wako. Lakini mabati haya umetupa sisi, na wajane hawana mengine. Nisaidie mkono usitetemeke." Kisha nikarudi nyumbani, nikapanda ngazi.

Niliandika SIMANGO kwenye kila bati, herufi kubwa. Mabati kumi ya nyumba, mawili ya jiko.

"Hiyo S imelala kama nyoka aliyeshiba," alisema Mama Inácia kutoka chini.

"Ilimradi isomeke, mama."

"Mimi sijui kusoma. Inasema nini?"

"Inasema Simango. Inasema ni letu hata likitua ng'ambo ya mto."

Baadaye akasema, "Basi halihitaji mlinzi."

"Halihitaji, mama. Mimi ndiye ninayekuhitaji."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga yake. "Haya, shuka. Tutakwenda shule. Lakini benchi la dirishani ni langu."

Habari ilienea kabla hatujala. Majirani walikuja na makopo ya rangi na mabaki ya lami. "Nami niandikie, dada." Niliandika mpaka bega likauma. Lurdes alifurahi, akatangaza kwa kipaza sauti: bati lenye jina lirudishwe kwa mwenyewe, wala mtu asitoke wakati wa utulivu kuliwahi.

Wa mwisho alikuwa Castigo. "Mwalimu wa mabati," alisema kwa kejeli, "njoo na kwangu basi."

Nilikwenda. Niliandika SITOLE mara nane. La tisa lilikuwa la banda la kuku. Nilifuta vumbi. Chini yake kulikuwa na kiraka cha lami, na alama ya kidole gumba imeganda ndani yake. Brashi ilisimama mkononi mwangu.

"Andika," alisema Castigo, bila kunitazama.

"Hili siliandiki. Hili lina jina tayari."

Mimi nilichukua kopo langu nikaenda. Kwa Mama Inácia sikusema kitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado nyingi na siku zilikuwa chache.

Jumanne bendera ya njano ilipanda. Tulikwenda shule mtaa mzima.

Jumatano asubuhi kimbunga kilifika. Sitaeleza mlio wake. Tuliimba na kuomba, na watoto walijificha chini ya madawati. Karibu na saa sita mchana, kelele ikakatika ghafla. Mwanga ukaingia dirishani. Jogoo mmoja akawika.

Watu wakasimama. Mmoja akasema, "Kimekwisha!" Castigo alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Akamkuta Mama Inácia ameketi kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha.

"Nipishe, mama. Mabati yangu!"

"Sikupishi."

"Mama, watu watayawahi!"

"Nani atayawahi? Watu wote wamo humu. Na mabati yako yana jina, mkwe wangu kaliandika. Mwanangu alitoka wakati kama huu, Castigo, na hakukuwa na mtu wa kukaa mlangoni. Leo nipo. Ukitaka kutoka, nivuke mimi kwanza."

Castigo aliinua mguu. Akaushusha. Hakuna mtu anayemvuka mama wa namna ile mbele ya mtaa mzima. Akaketi chini karibu naye, kichwa mikononi.

Lurdes alisimama kando yao. "Tunasubiri upepo wa pili," alisema. "Upite wote, ndipo tutatoka."

Upepo haukukawia. Ulitoka upande wa pili, kama sufuria ilivyotuonyesha. Tuliusikia mti mkubwa wa njiani ukianguka, njia ile ile ambayo Castigo angepita. Castigo alimshika Mama Inácia mkono, na mama hakuutoa.

Lurdes alipotupa ruhusa ya kutoka, tulihesabiana. Mtaa wetu wote ulikuwa hai. Nilipiga magoti kwenye matope.

Paa letu lilishika. Mabati mawili ya jiko yaliruka, lakini kabla ya jua kuzama yote mawili yalikuwa yameletwa uani. Nyumba ya Castigo ilibaki kuta. Kesho yake watu walimletea mabati yake, moja moja, mpaka yakatimia manane.

Alisimama akiyatazama. Kisha akaenda nyuma, mahali banda lilipokuwa. Alirudi amebeba bati la tisa, lile alilokuwa amelifukia mchangani kabla ya kwenda shule. Akaliweka mbele ya Mama Inácia. Mama aligusa kiraka. Akaweka kidole chake juu ya alama ya kidole gumba cha mwanawe.

"Umelileta kimya kimya," alisema. "Mimi sitaki kimya kimya. Simama useme, watu wasikie."

Watu wakasogea. Lurdes alimpa kipaza sauti, lakini Castigo akakisukuma kando. Alivua kofia.

"Mimi, Castigo Sitole," alisema, "mbele ya Mungu, mbele ya mama huyu, na mbele yenu wote. Bati la mtu sitalificha tena, hata likidondoka mlangoni kwangu. Na kimbunga kikija tena, utulivu ukiingia, mimi ndiye nitakayeketi kizingitini. Hatatoka mtu."