Aliyelala Usingizi wa Wagonjwa

Fundi cherehani wa kitanda cha dirishani alikuwa anapata choo vizuri mno, na hilo ndilo lililoanza kumtia Kipimo wasiwasi.

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Kipimo alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, na alijua kwamba mofini ikishaingia mwilini haishiki kazi moja. Inapanda kwenye uti wa mgongo na ubongo kuyanyamazisha maumivu, halafu inayalaza na matumbo, mpaka mgonjwa asahau choo kiko upande gani. Mzee yule alivunjika paja, akapasuliwa, akawa anadungwa mofini kutwa mara kadhaa, na bado kila asubuhi aliitisha chombo cha haja kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba.

Kipimo akainama, akammulika machoni kwa tochi. Mboni za mtu mwenye mofini husinyaa zikawa kama tundu la sindano. Za mzee zilikuwa pana kama vifungo vya koti.

"Binti," mzee akasema taratibu, meno yakisagana kwa maumivu, "nimeshona nguo maisha yangu yote, nikiuziwa kitambaa feki najua. Hayo mnayonidunga ni maji."

"Ni mofini, babu. Nimeivuta kwenye kichupa kwa mkono wangu."

"Basi inamwingia mwingine."

Sasa, wodi ile ilikuwa na utaratibu wake. Dawa kali haivutwi na mtu mmoja: mmoja anavuta, wa pili anatazama, kisha wote wawili wanakwenda kitandani kama maharusi. Wa pili kwa Kipimo alikuwa mwanafunzi mwenzake, rafiki yake wa chumba kimoja bwenini, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alizungumza akila, akioga, na Kipimo alikuwa tayari kuapa kwamba hata kwenye ndoto alikuwa anamkatiza mtu.

Kwa hiyo kama dawa inaibwa, mwizi ni mmoja kati ya wawili. Matroni wa wodi, mama mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo. Aliwaita ofisini akawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba chuo hakimsamehe mwizi wa dawa. Anafungasha virago siku hiyohiyo, hata kama mtihani wa mwisho uko mlangoni. Kwao Kipimo, ukoo mzima ulishamfanya sista kabla ya cheti. Mashangazi walikuwa wanamletea vikohozi vyao mezani wakati wa chakula. Angerudije kwenye meza ile?

Alijua yeye si mwizi. Akabaki anamtazama Redio.

Na Redio alikuwa anatazamika. Alikuwa amenyamaza. Alianza kwa kupunguza maneno, halafu akayaacha kabisa, akawa anatembea wodini na tabasamu la mtu aliyeshiba, akijikuna pua, akijikuna mikono, kope zikimshuka. Kujikuna kule Kipimo alikujua kutoka darasani: ni kwa mtu mwenye mofini mwilini. Akimwuliza, Redio anajibu baada ya muda, kama vile swali limepitia njia ya mbali. Usiku bwenini Kipimo alimpekua mifuko, akakunjua mikono ya nguo zake kutafuta alama ya sindano, na akajionea aibu, maana hakukuta kitu ila pipi.

Kilichokuwepo ni pumzi.

Ilisikika kwenye kona ya wodi, nyuma ya pazia la kitanda kisicho na mtu. Mgonjwa akishadungwa tu, mtu alianza kuhema kule, pumzi nzito, tamu, za mtu aliyelala usingizi anaoustahili, na pamoja nazo ikaja harufu ya kibiriti kilichozimwa muda huohuo. Kipimo alivuta pazia. Godoro tupu, shuka limenyooka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori mwenye mbavu zilizovunjika, alimnong'oneza kwamba hata yeye anaisikia, na kwamba angekuwa na mbavu za kukimbilia, wangemkuta kijiji cha tatu.

"Kuna kinacholala kwa niaba yetu, sista," akasema. "Sisi tunakesha."

Matroni hakutaka kusikia habari za majini mchana kweupe. Aliamua kulimaliza jambo kwa mkono wake. Alasiri hiyo aliwaamuru wanafunzi wote wawili wakae mbali na kabati, akavuta dawa mwenyewe, daktari akitazama, wakaenda kwa fundi cherehani. Kipimo aliona nafasi. Kama Redio ana akiba yake mahali, atakwenda kuitumia sasa. Akamfuata kwa kunyata mpaka chumba cha mashuka.

Alimkuta ameketi sakafuni katikati ya marobota ya mashuka, mikono wazi mapajani, haina kitu. Kipimo alipiga magoti, akamfungua jicho, akaliwashia tochi. Na palepale, wakati sauti ya matroni kule wodini ikimwambia mzee atulie sindano inaingia, Kipimo aliiona mboni ya rafiki yake ikijikunja mbele ya macho yake, ikipungua na kupungua kama mlango unaofungwa na mtu aliye ndani, mpaka ikabaki nukta, na harufu ya kibiriti ikakijaza chumba, na pumzi aliyoizoea nyuma ya pazia akaisikia sasa ikitoka puani mwa Redio, nzito, tamu, halafu ya pili ikachelewa, na ya tatu ikachelewa zaidi, na Kipimo akawa anaingoja ya nne huku akihisi kwamba nyuma ya ile nukta nyeusi kuna mwingine anamtazama, mwenye usingizi, ambaye hapendi kusumbuliwa.

Ya nne haikuja. Midomo ya Redio ikaanza kuwa rangi ya wino.

Kipimo alipiga kelele ya kuita watu. Matroni akafika na trei, daktari nyuma yake, akauliza dawa ameipata wapi. Kipimo akajibu hajui imepita wapi, ila imo mwilini, na imekilaza kile kipande cha shina la ubongo kinachoukumbusha mwili kupumua. Kwenye trei kulikuwa na kichupa kimoja tu cha naloksoni, dawa ya kuing'oa mofini pale ilipoketi. Kipimo akaivuta, akamdunga.

Redio aliketi ghafla. Macho yakafunguka, mboni zikatanuka mpaka weupe ukabaki uzi. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, ya kuchoka, karibu ya kulia.

"Sisi hatulali," ikasema. "Tangu nilipoumbwa, sijawahi kulala. Kwenu nimeujua usingizi mara ya kwanza. Kwa nini umeniamsha?"

Dirisha likajigonga. Harufu ikatoka kama imevutwa kwa kamba. Kule wodini fundi cherehani akashusha pumzi ndefu, na alipokwenda kutazamwa, alikuwa amelala fofofo, mboni zake ndogo, na paja limenyamaza.

Ikawa furaha. Matroni aliomba radhi kwa mtindo wake, yaani alimpa Kipimo kiti chake mwenyewe na kumwambia mtihani atafanya. Daktari, aliyekuwa hajaamini majini tangu azaliwe, alikuwa anamweleza kila anayepita mlangoni. Dereva wa lori alitaka Kipimo atangazwe mganga wa wilaya. Redio alilazwa wodini, kitanda cha karibu, apumzike, na akaanza kuongea: njaa, viatu vya matroni, ndoto aliyoota, mwanamume fulani wa maabara. Wakamwacha aongee. Walikuwa wameikosa kelele ile.

Angekuwa mgonjwa tu, aliyezidiwa na mofini, wasingefanya hivyo. Wangemwekea mtu wa kumhesabia pumzi, wangeagiza vichupa vingine, maana kila mmoja chumbani humo alijua kwamba naloksoni huisha mwilini mapema, na mofini huwa bado ipo. Lakini wao walikuwa wamefukuza jini. Anayefukuza jini hafikirii dozi ya pili.

Jua lilikuwa linaingia mlalo dirishani Redio alipofika katikati ya kisa cha yule wa maabara, akasema, "basi mimi nikamwambia," na hakusema alichomwambia.

Kipimo aligeuka. Tabasamu la shibe lilikuwa limerudi. Matroni hakungoja kuelezwa. Alikimbia kwenda stoo ya dawa, jengo la pili, na daktari akaenda kutafuta mfuko wa kumpulizia hewa. Kipimo akabaki, akamshika Redio bega, akamwambia sikioni, kwa nguvu, kama walivyofundishwa, kwa sababu ubongo uliosahau kupumua bado unaweza kutii.

"Pumua, mwenzangu."

Redio akapumua. Kisha akatulia, akingoja.

"Pumua."

Akapumua. Kipimo alisikiliza nyayo kwenye korido. Hakuna. Akaivuta hewa ya kusema tena, na kabla hajasema, upande wa pili wa mto, kwenye sikio lile jingine, sauti ya kuchoka, yenye upole wa mama anayebembeleza, ikasema, "Usisumbuke. Tulale."

"Pumua," Kipimo akasema. "Pumua, nakuomba."

Kichwa cha Redio kikageuka juu ya mto, taratibu, kama cha mtoto anayetafuta ubaridi wa shuka, kikampa Kipimo kisogo.