Mgeni wa Folda ya Kasuku

Asubuhi ile Kasuku alikunywa chai yake mpaka chini, akafuta mdomo kwa kiganja, akashuka kitini bila kusema neno. Kwa mtoto mwingine hilo si jambo. Lakini huyu hakuitwa Kasuku bure. Alizungumza akila, akioga, akiota, na akikosa wa kuzungumza naye aliisemesha ndoo.

"We, leo ulimi umeuacha kitandani?" mama yake akamtania.

Mtoto akamtazama kama anayemtazama mpita njia, akaenda kukaa sakafuni, chini ya meza.

Tuseme ukweli, mama alishukuru kupata utulivu. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti ili wasioona wavisikilize, na aliifanyia hapohapo nyumbani, kwenye kichumba alichokibandika magodoro ukutani. Kompyuta yake ilikuwa ya mfumo wa Unix. Ndiyo aliyoizoea tangu alipofanya kazi chuoni, na alijivunia kuiamuru kwa maneno, kama mtu mzima anavyoamuru, badala ya kubofyabofya vipicha. Tatizo lake lilikuwa nafasi. Mafaili ya sauti ni manene, na diski ilijaa pomoni. Tena kulikuwa na folda moja aliyoiita kasuku, yenye sauti za bintiye tangu kilio cha kwanza: akijifunza kusema, akicheka, akiimba nyimbo alizozichanganya maneno. Hiyo hakuigusa. Mtoto mwenyewe wazazi walimtafuta miaka mingi mpaka watu wakaacha kuuliza, na akaja huyo mmoja tu.

Basi jana yake alikuwa amenunua diski ya nje kwa fundi wa pale kona. Kilikuwa kisanduku cheusi, kikuukuu, cha baridi ingawa kilishinda juani.

"Ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Mama, wewe chukua tu," fundi akajibu, akiangalia pembeni. "Tupu hiyo. Nimeisafisha mwenyewe."

Sasa, kwenye Unix diski mpya haiji na mlango wake. Unaitengea folda tupu, unaipachika pale, na kuanzia hapo ukifungua folda umeingia ndani ya diski. Lazima folda iwe tupu. Mashine haitakukataza ukipachika juu ya folda yenye vitu, itatii tu. Ila vilivyokuwemo vinafunikwa. Havifutiki, vipo palepale chini, lakini huvioni wala huvisikii mpaka diski uipachue. Mama aliyajua hayo, na watu amewafundisha. Lakini jana ile mumewe alikuwa akiita chakula kinapoa, na kichwani alikuwa na wazo moja: folda ya Kasuku ndiyo inayohitaji nafasi. Akaipachika diski humohumo. Kisha, ili asisumbuke kila siku, akaandika kwenye faili la kuwashia mashine kwamba kila inapoamka iite diski ile, kwa jina lake refu la namba na herufi, na kuikalisha pale. Akaenda kula. Haraka haraka haina baraka, na wahenga walisema hivyo kabla ya kompyuta.

Mchana, jua likiwa utosini, aliingia kichumbani akafungua folda. Nyimbo hazipo. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, "Mjinga mimi!" akacheka peke yake, maana alijua kosa lake na dawa yake. Lakini kabla ya kupachua aliona kitu. Diski iliyoitwa tupu ilikuwa na faili moja la sauti, na lilikuwa linakua, linaongezeka akiwa analitazama, kana kwamba kuna mtu anarekodi.

Akavaa vipokea sauti, akalifungua.

Kwanza ilikuwa pumzi. Halafu diski ikagonga, tk, tk, kama kucha juu ya bati, na chumbani kukanuka udongo uliolowa ingawa mvua haikunyesha. Kisha, kwa mbali, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikasema: "Mama. Niko huku chini. Amenikalia."

Alivua vile vitu akakimbia sebuleni. Mtoto alikuwa bado chini ya meza, magoti kifuani, akipumua kwa taabu, na mumewe, ambaye ni muuguzi na alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, alikuwa amelala kifudifudi akimmulika kooni kwa simu.

"Koo safi. Kifua safi," alinong'ona. "Lakini anapumua kama kabebeshwa gunia. Mke wangu, mtoto kafanyaje?"

Akamweleza. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akainuka bila kubisha, akampigia simu shangazi yake.

Shangazi huyu alikuwa mwanamke wa miraba minne aliyewatoa watu majini maisha yake yote, akastaafu kwa sababu ya magoti. Alipofika hakuomba hata maji. Alichungulia chini ya meza, akanusa hewa ya kichumba, akasonya.

"Mwanangu, huyu hakuingia. Huyu kakaribishwa. Umempa kiti gani?"

"Folda ya mtoto, shangazi."

"Sijui folda. Kiti kilikuwa na mtu?"

Mama akaanza kulia.

"Utalia baadaye. Jini aliyekaribishwa sina ubavu wa kumtoa mimi. Aliyemkalisha ndiye wa kumwinua. Haya, mwinue!"

Mama akakaa mbele ya mashine, akaandika amri ya kupachua. Mashine ikakataa: kifaa kinatumika. Akaandika tena. Kinatumika. Akaiuliza ni nani anayekitumia, nayo ikamjibu kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu lile faili alilolifungua mchana halikufungwa, lilikuwa bado linasoma, na vipokea sauti vilivyolala mezani vilikuwa vinanong'ona.

"Nani kamshikilia?" shangazi akauliza.

"Mimi," mama akasema kwa sauti ndogo. "Ninapomsikiliza, hatoki."

"Basi acha kumsikiliza."

Lakini alivivaa. Mzazi gani asingevivaa? Na ile sauti ikamwambia mama usifunge, mama ukifunga sitakuwepo tena, ikamtajia mambo wanayoyajua wawili tu, ule mchezo wa kuhesabu vidole kwenye giza, ule wimbo wa kuchanganya maneno, ikauimba huku inalia, na diski ikigonga tk, tk, tk, na harufu ya udongo ikipanda mpaka ikawa kama yeye ndiye anayefukiwa, mpaka mkono uliokuwa juu ya kibonye ukaanza kurudi nyuma wenyewe, na hapo akageuka akamwona mtoto mwenye mwili, amejikokota mpaka mlangoni, midomo ya bluu, haombi chochote, hana sauti ya kuombea, anamtazama tu. Na ndani ya masikio yake sauti ya Kasuku ikasema: "Huyo usimtazame."

Kasuku hakuwahi kumkataa mtu yeyote. Kasuku alikuwa akiwakaribisha mpaka wauza mkaa. Huyu wa masikioni hakuwa yeye.

Akalifunga faili. Akaandika amri. Safari hii mashine ilitii bila neno, na pale mlangoni mtoto akavuta pumzi moja ndefu akapiga ukelele uliotikisa vikombe.

"Mama, nilikuwa naita na naita na wewe husikii, halafu kulikuwa na mtu mzito, halafu mbona shangazi ana soksi tofauti?"

Walicheka mpaka wakalia. Kwenye folda, nyimbo zote zilikuwepo. Shangazi akang'oa diski, akaifunga kwenye kitambaa, akaivunja kwa mchi uani na kuvitupa vipande kwenye shimo la choo, akarudi kwake akilalamikia magoti.

Jioni walikula pamoja. Kasuku alikuwa anasimulia mambo matatu kwa wakati mmoja na baba yake anamwambia ameze kwanza. Umeme ukakatika, kama unavyokatika. Wakaendelea kula kwa mwanga wa simu, ukarudi, na kule kichumbani kompyuta ikajiwasha yenyewe, kama ilivyozoea.

Mama alikuwa na tonge mkononi alipokumbuka. Diski aliipachua. Ule mstari kwenye faili la kuwashia hakuufuta.

Alisimama. Kupitia mlango aliona kioo cha kompyuta kimesita katikati ya kuamka, kinamsubiri aliyeitwa, kinamwita kwa jina lake lile refu la namba na herufi, tena na tena. Akaanza kukimbia. Nyuma yake Kasuku akanyamaza katikati ya neno.

Kutoka chumbani ikasikika: tk. Mashine ikaendelea kuamka.

Mama akageuka. Mtoto alikuwa ameshuka kitini mwake, amekivuta kidogo kutoka mezani, kama alivyofunzwa kuwafanyia wageni.

"Karibu," Kasuku akakiambia kile kiti kitupu, akaingia chini ya meza.