Simu Iliyopelekwa Kampala

Ndugu zangu wa Koboko, nanyi majirani zetu wa Arua, nipeni masikio. Nyumba ninayoisimulia iko Lurujo, nanyi mngeipita bila kugeuza shingo, maana ilikuwa nyumba tulivu. Mzee Yasiri, askari mstaafu, alilima muhogo na simsim. Mwanawe Sule aliishi hapo na mkewe, Night Poni, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Zam, dada mdogo wa Sule, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu Koboko mjini. Jioni alirudi na chumvi au sabuni, wakala pamoja.

Zam alikuwa amejifunza kuandika programu za kompyuta kule Arua. Kibandani mwake aliunda mradi wake mwenyewe kwa kompyuta kuukuu iliyounganishwa na simu moja. Wajawazito waliandikishwa mapema pamoja na vijiji vyao. Mama akishikwa na uchungu alipiga namba ya simu hiyo, na programu ikampigia mwendesha boda aliye karibu naye, ikamwambia kwa Kikakwa aende nyumba gani. Wanawake wengi walifika zahanati kwa njia hiyo.

Kisha Zam akasikia habari za kongamano la waandishi wa programu, Kampala. Waandaaji wangewafadhili vijana wachache wa mbali kwa nauli, malazi na kiingilio. Sharti lilikuwa moja: mwombaji aonyeshe mradi alioujenga mwenyewe. Zam alileta habari hiyo nyumbani akicheka.

"Nani iko kwenda?" akauliza Yasiri.

"Mimi, Baba."

"Mutoto musichana, Kampala, katikati ya watu sisi hapana jua? Hapana. Andika jina ya Sule."

"Lakini Baba, hii kazi nimefanya mimi. Sule hajui hata kuiwasha."

"Wewe na Sule damu iko moja. Jina ya Sule ni jina ya nyumba."

Sule alinyamaza. Alikuwa amechoka kusikia watu wakimwita kijana wa kukaa bure, na hapa alipewa sifa bila jasho. Ndugu msikilizaji, usidhani aliyenyamaza hakusema kitu. Alikubali.

Zam aliomba ufadhili kwa jina la kaka yake. Sule alipohojiwa kwa video, wakiwa Arua, Zam aliketi pembeni asionekane, akimnong'oneza majibu. Ufadhili ukapatikana. Yasiri akachinja mbuzi. Wageni walimpongeza Sule, na Zam alikuwa jikoni akisonga ugali.

Siku ya safari, Yasiri aliagiza kompyuta na simu zipelekwe, watu wauone mradi wenyewe. Zam alijaribu kumzuia kaka yake kibandani.

"Kaka, peleka video tu. Hii simu ikitoka hapa, wamama watapigia nani?"

"Siku iko kidogo tu, Zam. Baba amesema vyote."

Zam alizunguka kwenye zahanati na vituo vya boda kutoa taarifa kwamba namba ile haitafanya kazi siku hizo. Night Poni hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa mimba yake ilikuwa bado kutimiza miezi.

Sule alipanda jukwaani Kampala mchana, mvua ikinyesha Lurujo. Aliiweka kompyuta mezani, akaiwasha simu kando yake, akasoma maneno aliyoandikiwa na dada yake. Kabla hajamaliza, simu ikaita. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Sule akaipokea.

"Sule," ilikuwa sauti ya Night Poni, aliyeijua namba hiyo tu kwa kichwa, "toka asubuhi mimi iko kupiga, simu imezima. Mimi iko peke yangu. Baba amekwenda shamba. Damu inatoka mingi."

Sule aligeukia ukumbi. "Nani anajua kuwasha hii kitu? Namba ya watu ya boda iko ndani tu."

"Si wewe uliyeiandika?" mtu mmoja akamuuliza.

"Hapana. Ni dada yangu. Mke wangu iko kufa, nisaidieni!"

Msichana mmoja aliyeketi mbele, Linda, alipanda mbio akavuta kompyuta. Sule akampigia Zam kwa simu yake mwenyewe, akaiweka sauti juu. Mbele ya watu wote, Zam akamwelekeza Linda neno kwa neno: neno la siri ni hili, fungua pale, unganisha simu, sasa ianzishe. Hakukosea hata neno moja. Programu ikaamka, ikampigia Siraji, mwendesha boda.

Siraji alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo tu ya kijito, karibu na kwa Yasiri. Tangu uchungu ulipoanza alikuwa amejikinga mvua kwake, pikipiki iko mlangoni, simu mfukoni, na hakuna aliyempigia.

Alimfikisha Night Poni zahanati akiwa hai. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekwisha kufa.

Yasiri alichimba kaburi lile dogo kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Sule aliporudi, alimkuta baba yake ameketi karibu nalo.

"Baba, mimi nilisimama mbele ya watu na kitu hapana yangu."

"Ni mimi nilikusimamisha," Yasiri akajibu. Kisha akamwita Zam. Zam aliketi karibu naye, lakini hakumwambia kwamba yamekwisha.

Waandaaji walilifuta jina la Sule. Walimwambia Zam kwamba kwa kushiriki udanganyifu ule naye amekosa mwaka huo, ila mwaka unaofuata aombe kwa jina lake. Aliomba, akapata. Yasiri alimsindikiza hadi Arua, akasimama hadi basi likaondoka. Safari hii Zam alibeba video tu. Kibandani, Night Poni alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, akiilinda simu isizimike.

FUNZO

Mzazi, kazi ya binti yako usiivike jina la mwanao wa kiume. Unayemnyima mmoja haki, unamvika mwingine mzigo asioweza kuubeba, na mzigo huo ukianguka hauchagui wa kumwangukia. Nawe kijana, sifa usiyoitolea jasho ikatae mapema, ukiwa bado nyumbani. Sule alisema kweli, ndiyo, na kweli hiyo ilimwokoa mkewe. Lakini aliisema akiwa amechelewa, na kuchelewa huko kuna kaburi Lurujo.