Alama Kwenye "Hapana"

Kila asubuhi Corinne Staudt alikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda kuuza mikate. Alibadilisha maji ya mashine ya oksijeni. Alimgeuza mumewe, Eckhard, aelekee dirishani. Kisha alimlisha supu ya viazi, kijiko kimoja kimoja, maana Eckhard hakuweza tena kutafuna huku akipumua.

Eckhard alikuwa fundi wa mapaa kwa miaka thelathini. Vumbi la mapaa ya zamani lilimla mapafu. Daktari hakumficha. "Labda ufike mwezi wa kumi," alimwambia.

Corinne alizaliwa Toledo, Marekani. Alikuja Ujerumani akiwa karani wa jeshi, kwenye kambi ya Wamarekani ng'ambo ya msitu. Aliacha jeshi, akaolewa, akabaki. Sasa ilikuwa miaka ishirini na sita. Mwaka uliopita alipata na pasipoti ya Kijerumani.

Eckhard alipojua kuwa haponi, aliandikisha akaunti yake kwa majina mawili. "Sitaki nife halafu uanze kuombaomba," alimwambia mkewe. Alidhani amemaliza.

Jumanne barua ya benki ikaja. Ndani mlikuwa na fomu. Je, Corinne ni raia wa Marekani? Kama ndiyo, aandike namba yake ya kodi ya huko. Asipojibu kwa siku thelathini, akaunti itafungwa. Pensheni ya Eckhard iliingia humo. Pango la nyumba lilitoka humo. Akiba yao yote, yuro elfu arobaini na moja, ilikuwa humo.

Corinne hakuwa amepeleka hesabu yoyote ya kodi Marekani tangu aolewe.

Mchana ule alikuja Volkmar, mdogo wake Eckhard, na keki ya plamu. Aliisoma barua huku akitafuna.

"Shemeji, hili nalo la kukunyima usingizi? Una pasipoti ya Kijerumani. Weka alama kwenye 'hapana', wakatafute Wamarekani wengine."

"Na wakijua?"

"Nani awaambie? Mimi? Mimi hata mke wangu hajui bei ya pikipiki yangu."

Eckhard alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua dakika nzima. Alipopata pumzi alisema, "Unalipa kodi hapa. Siku zote nimekwambia, inatosha."

Corinne akaweka alama kwenye "hapana". Akatia saini. Akaweka fomu mkobani.

Alhamisi alasiri alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya kijiji. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Baada ya kuimba alibaki kupanga viti pamoja na Bi Odessa Pruitt. Bi Odessa naye alikuwa Mmarekani, mwenye miaka sabini na moja. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya kuwajazia Wamarekani fomu za kodi, karibu na kambi.

"Mbona leo umeimba kama mtu aliyefiwa?" Bi Odessa aliuliza.

Corinne akamwonyesha fomu. Bi Odessa aliisoma amesimama, kisha akaketi.

"Umeshaipeleka?"

"Bado."

"Ichane. Sasa hivi, mbele yangu."

"Bi Odessa, mimi ni Mjerumani pia."

"Na pasipoti yako inasema umezaliwa wapi? Toledo! Benki wanasoma, mwanangu. Uraia wa Marekani huuachi nyuma ukivuka bahari. Unaufuata mkate wako popote ulipo."

"Lakini kodi nalipa hapa! Nilipe mara mbili?"

"Nani kasema ulipe mara mbili? Nasema upeleke hesabu Marekani. Kila mwaka. Kodi uliyolipa hapa inahesabiwa, na kwa mshahara wa duka la mikate, huenda usidaiwe hata senti. Mume wako si Mmarekani, kwa hiyo pensheni yake haiingii. Ila kuna taarifa ya pili, ya akaunti za benki. Ukijumlisha akaunti zako zote zilizo nje ya Marekani, zikapita dola elfu kumi hata kwa siku moja tu, unaziandika zote. Ya pamoja unaiandika nzima, si nusu. Ukinyamaza, faini yake ni kubwa mno."

"Akaunti yetu ni hiyo moja."

"Na fedha za kwaya nani anasaini kuzitoa?"

"Mimi. Lakini si zangu!"

"Fedha si zako. Saini ni yako. Andika."

Corinne alishika kiti kwa mikono miwili. "Miaka ishirini na sita, Bi Odessa. Watanila mzima."

"Kuna njia kwa mtu ambaye kweli hakujua. Hesabu za kodi za miaka mitatu, taarifa za akaunti za miaka sita, na maelezo ya kwa nini hukufanya. Unayaapia. Lakini uende mwenyewe kwa watu wa kodi wa Marekani kabla hawajaanza kukuchunguza. Na ukishaidanganya benki leo, kesho utaapa vipi kuwa hukujua?"

Corinne akaichana fomu vipande vinane.

Jioni ile alimweleza Eckhard. Eckhard akanyoosha kidole kuelekea chini ya kabati. Palikuwa na masanduku yake ya misumari ya paa. Ndani mlikuwa na karatasi za benki za miaka kumi, zimefungwa kwa waya.

Benki ilipewa fomu mpya, yenye "ndiyo" na namba aliyopewa Corinne akiwa msichana. Kwa wiki mbili Bi Odessa alikuja kila siku, akalipwa kwa supu. Maelezo ndiyo yaliyomshinda Corinne.

"Andika ni mimi niliyekwambia inatosha," Eckhard alisema kutoka kitandani.

"Siwezi kukutupia lawama wewe."

"Ndiyo kweli yenyewe. Andika kweli. Kisha unisomee."

Akaandika, akamsomea. Eckhard akaitikia kwa kichwa: ndivyo.

Hesabu zote tatu zilionyesha hadaiwi kitu. Zikatumwa. Benki ikaandika kwamba akaunti itaendelea.

Eckhard alifariki mwezi wa tisa, mchana, mashine ikiwa bado inanguruma. Jumatatu iliyofuata Corinne alimlipa mchonga jeneza kwa kadi ya akaunti ile ile. Kadi ilikubali. Volkmar alikuwa amesimama pembeni.

Hakuna faini iliyokuja.

Mwezi wa nne Corinne aliketi mwenyewe na fomu za mwaka mpya. Aliandika kwanza akaunti ya kwaya. Kisha akafika kwenye ile ya pamoja. Fomu bado ilitaka jina la mwenzake, kwa kuwa katika mwaka uliohesabiwa Eckhard alikuwa hai. Aliliandika polepole, herufi kwa herufi. Mwaka ujao hapatakuwa na mahali pa kuliandika.

Akahakiki tarakimu mara mbili. Akatuma. Akaenda kuuza mikate.