Nani Kakukaribisha?

Siku ya nne tangu ahamie, Nadra alifungua kufuli la mlango wake, akasema "Hodi" kwa mazoea, na huko ndani kukaitikiwa: "Karibu."

Aliganda na funguo mkononi. Ndani hamkuwa na mtu. Chumba kimoja, ukumbi na jiko, ghorofa ya pili, Mji Mkongwe, laki mbili kwa mwezi! Mwenye akili zake angejiuliza. Kikwajuni chumba kama hicho aliambiwa laki tatu, na mtaa wa pili tu dalali alimtajia laki tano bila ya haya. Rahisi haikosi ila, lakini Nadra alikuwa na haraka ya kuondoka Jang'ombe, kwa kaka yake Mahfoudh, alikorudi baada ya talaka. Miaka mitatu alilala na watoto, akipiga hodi kila mlango, hata wa jikoni, wifi asije akanuna. Heri afe kuliko kurudi kule.

Kila alasiri hodi ilimponyoka na sauti iliitika, na kila siku ilikuwa imesogea mlangoni. Ikaja harufu ya asmini iliyooza. Siku ya saba alikuta mto wake umetupwa ngazini.

Bi Mashavu wa ghorofa ya chini, alipoelezwa, alishusha sauti. "Nani anapiga hodi kwake, mwanangu? Mwenye kukaribisha ndiye mwenye nyumba. Umempa nyumba kwa mdomo wako. Hama."

"Sihami, Bi Mashavu. Nshahama vya kutosha."

Kesho yake aliingia bila ya hodi, mguu wa kulia mbele, akatoa salamu. Mlango ukajibamiza nyuma yake, harufu ikapanda mpaka ikamkaba koo, vyombo vikagongana jikoni, na nyayo zikatoka chumbani polepole, zikavuka ukumbi mtupu, zikasita mbele yake, pumzi ya baridi ikampiga usoni, na sauti yake mwenyewe Nadra ikamuuliza: "Nani kakukaribisha?"

Hasira iliishinda hofu.

"Napanga mimi hapa! Jina langu ndilo lililomo kwenye mkataba. Wataka chumba? Katafute kama watu. Kikwajuni laki tatu. Jang'ombe laki na nusu, choo mnashirikiana. Toka!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Kitu kikampita, kikashuka ngazi, na chini Bi Mashavu akasikika akisoma Ayatul Kursi kwa nguvu.

Nadra alikuwa bado anapanga vyombo jikoni, simu ikalia. Alikuwa Mahfoudh, ananong'ona.

"Mbona umerudi bila ya kuarifu? Umepiga hodi, wifi yako kakukaribisha, ukapita na buibui lako mpaka chumbani kwa watoto, ukajifungia. Tunakuita huitiki. Watoto wamo humo, Nadra."

Alifunga mlango wake kwa kufuli na kuanza kushuka ngazi mbili mbili.

"Kaka, mimi niko kwangu, hilo si mimi," alisema. "Vunjeni mlango. Nakuja kulitoa, na leo sipigi hodi."